Mahali Maji Yaliposimama

Tulikuwa tumetoka makaburini, tumenawa mikono langoni kama desturi inavyotaka, na kila mmoja amepewa kiti cha plastiki na soda, ndipo shemeji wa marehemu, mtu mmoja mchangamfu aitwaye Fidele, aliposimama kuongoza maneno ya kumkumbuka Venuste. Nyumba ya Venuste ni miongoni mwa zile nyumba za Batsinda, hapa Kigali, zilizopangwa kwa mistari, zenye kuta zinazopakana, kiasi kwamba aliyekohoa kwa jirani anaweza kuitikiwa huku. Ua ni mdogo. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye barabara ya mawe. Fidele alisema mengi mema, kisha akaanza kisa ambacho, kwa jinsi watu walivyoanza kutabasamu kabla hakijafika popote, niliona kwamba wanakijua wote. "Muzehe wetu," alisema, "alikuwa na akili nyingi, lakini darasani alishindwa na maji! Aliiba divai ya mapadri, akaimimina kwenye mpira wa maji, akapanda nayo juu ya ghorofa. Mwalimu akamuuliza, maji yamefika wapi? Yeye keshalewa, akataja namba iliyomjia kinywani. Ndiyo maana akafukuzwa shule, akaja kutuuzia vitambaa sokoni Nyabugogo. Kwa hiyo tushukuru ile divai: bila hiyo dada yangu asingempata!" Watu walicheka kile kicheko cha msibani ambacho ni nusu ya kilio. Mimi sikucheka. Si kwamba napenda kuharibu furaha ya wafiwa, bali katika kisa kile hapakuwa na neno hata moja la kweli isipokuwa mpira, ghorofa na vitambaa, na katika ua ule wote mtu pekee aliyekuwapo siku ile nilikuwa mimi.

Donata, binti yake mkubwa, aliniona nisivyocheka. Alipokuja kunipa maji alichuchumaa kando ya kiti changu, akasema kwa Kiswahili chao cha nyumbani, kwa kuwa mama yake alikulia Bujumbura na watoto wote wameshika lugha hiyo: "Muzehe, wewe ulikuwako. Iko vile kweli? Baba alisema uongo?" Nilimwambia: "Mwihangane, vumilia mwanangu. Nitakujibu siku ya kuondoa matanga." Alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa swali lake lilikuwa la kujibiwa kwa ndiyo au siyo. Lakini mimi nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na nimewaadhibu wanafunzi wengi zaidi kwa kusema wasichokiona kuliko kwa kutojua. Nilihitaji kwanza kujiuliza nina haki ya kusema nini. Nilirudi kwangu Remera nikakaa, na mwaka ule ukanirudia wote.

Ulikuwa mwaka wetu wa mwisho wa sekondari. Mimi na Venuste tulipanga chumba kimoja Biryogo, katika ua wa Mama Zaituni, mjane mwenye mwili mkubwa na sauti iliyofika msikitini na kurudi. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao tulichokilalia kwa zamu, kwa maana ya kwamba wiki moja alilala yeye na mimi nikalala kwenye mkeka, na wiki ya pili tukabadilishana. Palikuwa na meza ya miguu mitatu na tofali. Na dirisha lililotazama Mlima Kigali. Ukuta haukufika darini. Juu yake palikuwa na nafasi ya kiganja, na kupitia nafasi ile tulisikia kila kilichosemwa na madereva wa malori waliopanga chumba cha pili. Kwao nilijifunza elimu ambayo hakuna shule iliyonipa. Jumatatu walisema kwamba tajiri fulani amekufa Mombasa. Jumatano walieleza jinsi alivyokufa, na nani aliyemlaani. Ijumaa tajiri mwenyewe alipita barabarani kwa gari lake, nao bila haya wakaanza kueleza jinsi alivyofufuka. Venuste alicheka hadi akauma blanketi. Mimi nilijiwekea alama moyoni: habari haidhoofiki kwa kuwa ya uongo. Inakula uongo huo na kunenepa.

Mama Zaituni alitupikia maharage na ndizi, na Ijumaa pilau, na siku ambazo kisamvu, yaani isombe kama tulivyoiita, kilipikwa kwa karanga, Venuste alikula kimya kama mtu aliye kanisani. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na hakuficha. "Huyu mwingine," aliwaambia wapangaji akinielekezea mwiko, "ukimsalimia habari za asubuhi, yeye anatoka nje kwanza kuangalia kama ni asubuhi." Venuste alikuwa kinyume changu. Alikuwa na macho makubwa yaliyopokea kila kitu, na mikono isiyotulia. Alifungua kufuli, alirekebisha redio, alisimama mvua ikinyesha akitazama jinsi maji yanavyopinda kwenye pembe ya bati. Aliniambia mara moja kwamba hajali kitabu kinasema nini mpaka ameona mwenyewe. Nikamwambia kwamba basi tuko dini moja, ila yeye ni wa furaha na mimi ni wa hofu.

Aliyetuunganisha katika dini hiyo ni mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Anakleti. Alikuwa mwembamba, mwenye tai moja ya kahawia, na alifundisha kwa Kifaransa kilichopigwa pasi vizuri kuliko shati lake. Mwaka ule aliamua kutufundisha sura ya kanieneo ya hewa kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mwalimu yeyote, hata kwangu mwenyewe. Ilimhusu yule Mfaransa wa karne ya kumi na saba, mwanafizikia na mwanahisabati, ambaye jina lake limekuwa kipimo na liko katika kila kitabu cha shule. Sina haja ya kulirudia. Vitabu vilisema kwamba mtu huyu alionyesha kuwa hewa ina uzito. Ukijaza maji katika mrija mrefu ulioziba juu, ukausimamisha ndani ya beseni na kufungua mdomo wake wa chini, maji hayamwagiki yote: hewa inayokandamiza beseni huyashikilia hadi kimo fulani, na juu ya kimo hicho hubaki ombwe, nafasi isiyo na kitu. Mwalimu Anakleti hakutuuliza kimo hicho ni kipi. Alitandika ubao mzima kwa swali moja: Je, aliyafanya kweli?

Hatukuelewa. Akatueleza kwamba wasomi hawajakubaliana hadi leo. Mfaransa yule aliandika kwamba alitumia mirija ya kioo yenye urefu wa nyumba, iliyofungwa kwenye mlingoti wa meli, akaijaza maji na divai nyekundu mbele ya umati. Wako waliosema kwamba kioo cha urefu ule hakiwezekani. Wengine wakajibu kwamba mji ule ulisifika kwa viwanda vyake vya vioo. Aliandika juu ya mtu aliyekaa chini ya maji mengi akiwa amebana mrija kwenye paja. Mwingereza mmoja akauliza, kwa adabu kali, mtu huyo alikuwa akipumua nini. Kuhusu jaribio lake kubwa kuliko yote, la kupanda na zebaki mlimani kuona kama inashuka kadiri hewa inavyopungua, yeye mwenyewe hakupanda. Alikuwa mgonjwa, akamtuma shemeji yake, na vipimo ambavyo shemeji alirudi navyo vililingana kila alipovirudia, vikalingana mno hata wengine wakatia shaka. Zaidi ya hayo, mwanafalsafa mwenzake alidai kwamba wazo la mlima lilikuwa lake. "Kwa hiyo," Mwalimu alisema, akipangusa chaki vidoleni, "hapa tuna mtu mkubwa, na hatujui ni lini anatueleza alichokiona na ni lini anatueleza alichojua kwamba angekiona. Tofauti hiyo, vijana, ndiyo sayansi yote. Namba nzuri mno iogopeni."

Nilitoka darasani siku ile kama mtu aliyebatizwa. Venuste alitoka akiwa na swali la vitendo: mpira wa mita kumi na mbili unaopitisha mwanga utapatikana wapi? Mwalimu alikuwa amesema kwamba mwanafunzi atakayelirudia jaribio la mrija wa maji na kuliandikia taarifa safi, atampendekeza yeye kwa nafasi ya kusoma Ulaya, ambayo kila mwaka shule yetu ilipewa moja. Sote tulijua kwamba nafasi ile ni ya Venuste. Mimi sikuitaka, nilitaka kuwa mwalimu na kupata kitanda changu peke yangu. Yeye aliitaka kwa namna iliyonitia huruma. Usiku na mchana alizungumza juu ya maabara ambazo angeziona huko, za vioo vitupu, na katika chumba kile chenye meza ya miguu mitatu alinionyesha kwa mikono mahali kila chombo kitakaposimama.

Mpira tuliupata kwa mafundi waashi. Nyuma ya ua wa Mama Zaituni mfanyabiashara mmoja alikuwa akijenga ghorofa, na mafundi wake walikuwa na ule mpira mnene wa plastiki ambao hujazwa maji ili kusawazisha kuta: maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, na fundi hupiga alama. Venuste alimbembeleza msimamizi wao hadi akakubali kutuazima mpira pamoja na jukwaa lao la miti ya mikaratusi kwa alasiri moja ya Jumamosi, mafundi watakapokuwa wameondoka. Jumatatu wangehamia kiwanja kingine, na mpira ungeondoka nao. Tulichemsha maji ili kuyatoa hewa, jambo ambalo Mwalimu alilisisitiza, nasi tuliyachemshia jikoni kwa Mama Zaituni, ambaye alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Yewe! Mimi nimechemsha maji ya chai, ya mtoto, ya maiti. Ya mpira ndiyo mara ya kwanza." Ili yaonekane kwa mbali tuliyatia punje chache za ile dawa ya zambarau ya maabara, yakawa mekundu kama divai. Kwa macho haya niliwaona madereva wawili wakichungulia ukutani na kunong'onezana. Hapo ndipo divai ya mapadri ilipozaliwa. Nilikuwapo kwenye uzazi wake.

Tuliujaza mpira ndani ya pipa, polepole, hadi hapakuwa na kiputo. Tukaziba ncha zote mbili kwa vizibo na nta. Venuste akapanda jukwaa akiivuta ncha moja kwa kamba, na kando yake aliteremsha kamba nyingine yenye vifundo, kila nusu mita kifundo. Kazi yangu ilikuwa chini. Nilipiga magoti mbele ya beseni, nikaitia ncha ya pili ndani ya maji, na aliponiambia "Sasa!" nikang'oa kizibo. Tangu hapo sikuweza kuondoka, wala kuinua uso: mdomo wa mpira ungetoka majini hata kidogo, hewa ingeingia na kazi yote kuharibika. Niliona maji ya beseni yakipanda, mekundu, hadi kwenye vifundo vya mikono yangu, kisha yakatulia. Zaidi ya hayo sikuona kitu. Mbele ya macho yangu palikuwa na ukuta wa matofali na mguu wa jukwaa.

Nilisikia. Kwanza kicheko kutoka juu, kicheko ambacho hadi leo sijui nikilinganishe na nini. "Sha! Mpira umejibana huku juu! Maji yameshuka yenyewe! Hapa juu hakuna kitu! Hakuna kitu kabisa, wallahi, nakitazama!" Nikapiga kelele: "Kimo! Soma kimo!" Akasoma, akarudia, akasoma tena: "Nane na nusu! Imepungua kidogo, lakini ni nane na nusu!" Mama Zaituni alitokea na sahani mkononi. "Nyinyi watoto, mnatafuta nini huko juu?" "Hakuna kitu, Mama!" Venuste alijibu kwa shangwe. "Basi shuka," alisema Mama, "huku chini kuna wali."

Kitabu kilisema mita kumi na theluthi moja.

Tuliijua namba hiyo, na Venuste aliijua kunizidi. Jioni ile alikula wali wake bila kuuonja. Alirudi jukwaani Jumapili baada ya misa na kupima tena kamba yake, kifundo kwa kifundo. Kamba haikuwa na kosa. Jumatatu jioni, kwa saa kadhaa, nilimwona akiwa na karatasi tupu mbele yake, na nilijua anachopigana nacho, kwa kuwa aliniambia waziwazi. "Nikiandika kumi na theluthi, nani atajua? Mpira umeondoka. Jukwaa limeng'olewa. Wewe hukuona." Nikamwuliza: "Wewe uliona ngapi?" Akasema: "Nane na nusu, imepungua kidogo." Akaandika hivyo.

Mwalimu Anakleti aliisoma taarifa ile mbele ya darasa zima. Sauti yake haikupanda. Hiyo ndiyo iliyotisha. "Hewa iliingia," alisema. Venuste akasema hewa haikuingia. Kama ingeingia angeona viputo vikipanda. "Basi andika kwamba iliingia, taarifa yako itakuwa na kosa la mikono, nami nitalisamehe." "Haikuingia, Mwalimu." "Basi hukuwa na mpira, na umeketi chumbani ukabuni. Mwaka mzima ninawafundisha jinsi watu wakubwa wanavyobuni vipimo, na wewe unanibunia cha kwako, tena kibaya." Mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha: "Labda alipimia kileleni mwa Mlima Kigali." Darasa likacheka. Mwalimu naye alitabasamu kidogo. "Mlimani tutakwenda mwezi ujao," alisema, "na huko ndiko maji yatakapokuwa na ruhusa ya kushuka. Hapa tuko chini." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa naye. Uliona?"

Nikajibu: "Sikuona, Mwalimu. Nilikuwa nimeshika mdomo wa mpira. Nilisikia."

Watu wawili watatu ambao nimewahi kuwasimulia haya walinitazama kama wanaosubiri nijute. Sijuti. Nililoulizwa nililijibu, na jibu langu lilikuwa kweli, na Venuste mwenyewe tulipokuwa tukirudi Biryogo alisema: "Ungesema uliona, mimi ningejua kwamba si kweli, na kesho nisingekuamini juu ya lolote." Ninachohuzunikia ni kitu kingine. Ni kwamba katika chumba kile walikuwamo vijana thelathini na mwalimu mwenye akili kali, na dirisha lilikuwa wazi, na sote tulikuwa tumetoka kusoma, katika sura ileile, kwamba hewa hupungua kadiri unavyopanda na maji hushuka. Na hakuna hata mmoja, hata aliyetania, aliyekumbuka kwamba tulikuwa tumeshapanda. Tulizaliwa juu. Kwetu mlima ulikuwa ule unaoonekana dirishani, na volkano za kaskazini. Pale miguu yetu ilipokanyaga paliitwa chini, kama kila mtu duniani anavyopaita mahali alipozaliwa. Kitabu kiliandikwa na watu wa baharini, kwa vipimo vya baharini, nasi tukakisoma kwenye urefu wa zaidi ya mita elfu moja na mia tano tukidhani kinatusema sisi.

Safari ya Mlima Kigali haikufanyika; mvua zilianza, kisha mitihani. Nafasi ya Ulaya alipewa mwingine. Venuste hakufukuzwa, kama Fidele anavyosema. Alikaa hadi mwisho wa muhula, akiingia na kutoka bila kuuliza swali, na huyo hakuwa tena Venuste. Neno "nane na nusu" lilikuwa limekuwa jina lake uwanjani. Siku aliyofunga sanduku lake, Mama Zaituni alimfungia chapati kwenye gazeti, akasema: "Wewe rudi. Kitanda hiki sitampa mtu." Akampa mtu wiki iliyofuata, maana maisha ni maisha, lakini alilia akimpa.

Nilikwenda Tanzania kufundisha, na huko niliwekwa katika shule moja ya pwani. Siku moja nilisimamisha mrija wa zebaki mbele ya darasa langu, zebaki ikasimama palepale kitabu kiliposema, sentimita sabini na sita, na mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini namba hiyo na si nyingine. Nikaanza kumjibu: kwa sababu hapa tuko usawa wa bahari, tungekuwa juu, kwa mfano kwetu Kigali, ingekuwa... Sikumaliza. Nilikaa kwenye benchi la maabara, wanafunzi wakidhani nimeugua, nikafanya hesabu kwa chaki juu ya mbao. Kwa urefu wa Kigali hewa inaweza kushikilia maji mita nane nukta sita hivi. Ukiondoa kile kidogo kinachosukumwa chini na mvuke unaojaza ombwe, unabaki na nane na nusu, imepungua kidogo.

Niliporudi nchini miaka mingi baadaye, Mwalimu Anakleti hakuwapo wa kuambiwa. Hakuuvuka mwaka ule ambao kila mmoja wetu anaujua bila kutajiwa. Venuste nilimpata Nyabugogo, amezungukwa na majora ya vitambaa, ameota mvi, akibishana na mteja kwa lugha tatu. Tulikwenda Gisimenti tukaagiza mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na hapo, kabla nyama haijafika, nilimweleza. Nilitarajia hasira, au kicheko kile cha juu ya jukwaa. Alizungusha chupa yake mezani. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kutembea baada ya ugonjwa: "Kwa hiyo niliona." Sikumwelewa. Akasema: "Mon cher, rafiki yangu, watu wakikwambia miaka yote kwamba hukuona, unaanza kuwaza labda jua lilikuwa machoni. Labda nilihesabu kifundo vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba sikuona." Nyama ikaja, ikapoa. Nikamwuliza kama wanawe wanajua. "Wanajua ya divai. Nilisikia watu wanaisimulia hivyo, nikaona inachekesha kuliko ya kweli, nikaiacha. Usiwaharibie wakati mimi nipo. Nimeizoea."

Sasa hayupo.

Siku ya kuondoa matanga tulikaa tena katika ua ule wa Batsinda. Fidele alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama kwa fimbo yangu. Nilianza kwa kusema kwamba sikuona, na Donata akainamisha kichwa. Nikaendelea. Nikaeleza ya mpira wa waashi, na maji mekundu ya dawa, na mikono yangu iliyokuwa ndani ya beseni. Nikaeleza kwamba wasomi wamebishana mamia ya miaka kama Mfaransa yule mkubwa alifanya yote aliyoyaandika, na kwamba si rahisi kumjua mtu aliyeona na mtu aliyebuni, ila iko alama moja: anayebuni huchukua namba iliyo kitabuni, kwa kuwa ndiyo itakayompa anachokitaka. Kijana wetu alikuwa na namba ya kitabu mkononi. Ulaya ilikuwa upande wa namba ile. Akaandika nyingine, ambayo hapakuwa na mtu Kigali nzima aliyeweza kumtajia, wala kitabu katika shule yetu kilichokuwa nayo. Na namba ile ndiyo ya mahali hapa, ya kilima hiki tunachokiita chini.

Fidele akakuna kichwa. "Kwa hiyo, Muzehe, divai haikuwako?" "Haikuwako." "Hata kidogo?" Wakacheka, nami nikawaacha wacheke, kwa kuwa kicheko kile hakikuwa na jeraha ndani yake.

Donata hakucheka. Alisimama karibu na ukuta, kanga imemteleza begani. "Muzehe," alisema, "lakini baba aliona?"

Kwa maisha yangu yote sijatoa ushahidi wa kitu nisichokitazama kwa macho yangu, na wazee waliokuwa pale wananijua hivyo.

"Aliona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka, akainua uso, akaanza kuutazama ukuta wa nyumba ya baba yake kutoka chini kwenda juu, kupita dirisha, kupita bati, hadi angani mahali ambapo nyumba haikufika, kama mtu anayetafuta maji yalisimama wapi.